Carl Friedrich Gauss na Hesabu za Baki

Muhula huu, katika somo la kugawanya, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, hili baki tunaliandika kwa faida gani? Si ni kile kilichokataa kugawanyika tu?" Wenzake wakacheka. Kengele ikalia, nami nikamjibu kwa haraka. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Basi naomba kulipa deni hilo katika gazeti letu, kwa kueleza habari za mtu aliyelichukua baki akalifanya kuwa elimu kamili.

Mtu huyo ni Carl Friedrich Gauss, Mjerumani, aliyezaliwa katika mji wa Brunswick mwaka 1777. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za mikono, mara uashi, mara bustani. Mtu mwaminifu, lakini mkali. Mama yake, Dorothea, alikuwa mtumishi wa nyumbani kabla ya kuolewa, na hakujua kuandika. Kwa hiyo hakuiweka tarehe aliyomzaa mwanawe. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa Jumatano, siku nane kabla ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Hata kwetu wako wazazi wengi waliokumbuka kuzaliwa kwa watoto wao kwa njia hiyo, kwa masika fulani au kwa sikukuu fulani, kwa hiyo tusimcheke. Mtoto alipokua aliitafuta tarehe yake kwa hesabu, na namna inavyopatikana nitaionyesha hapa chini.

Kisa cha utoto wake kinachojulikana zaidi ni kile cha shuleni. Mwalimu wake, Bwana Büttner, alikuwa na darasa kubwa na mkono mwepesi wa kuchapa. Siku moja aliwapa watoto hesabu ndefu ya kujumlisha namba zilizofuatana, labda apate kupumzika kidogo. Mara kijana Gauss akaweka kibao chake juu ya meza, kina jibu moja tu. Wengi husimulia kwamba namba zilikuwa 1 hadi 100. Rafiki yake Sartorius, aliyekiandika kisa hiki mwaka 1856, hakuzitaja namba hizo. Waliomfuata ndio walioziongeza. Hata hivyo njia yenyewe ni ya kweli, na kila mmoja wetu aijue. Ziandike namba 1 hadi 100, na chini yake uziandike tena kinyumenyume, 100 hadi 1. Kila safu wima ina jumla ya 101. Safu ni 100, basi jumla yake yote ni 10,100. Na kwa kuwa kila namba umeiandika mara mbili, gawanya kwa mbili. Jibu ni 5,050.

Büttner, pamoja na ukali wake, alimnunulia mtoto huyu kitabu bora cha hesabu, kisha akakiri kwamba yeye hana zaidi la kumfundisha. Msaidizi wake, kijana Martin Bartels, akakaa na Gauss wakasoma pamoja. Walakini baba hakuona sababu ya mwana wa mwashi kuendelea na vitabu. Mama ndiye aliyesimama upande wa mtoto. Habari zake zikamfikia Mtawala wa Brunswick, Carl Wilhelm Ferdinand, naye mwaka 1791 akakubali kumlipia gharama za masomo. Gauss alikuwa na miaka 14. Akasoma katika chuo cha mji wake, kisha mwaka 1795 akaingia Chuo Kikuu cha Göttingen.

Huko Göttingen alisitasita. Alipenda lugha za kale kama alivyopenda hesabu, na hakujua ashike ipi. Shauri lilikatwa na jambo moja. Tangu zamani za Wayunani watu walijua kuchora kwa bikari na rula maumbo ya pande 3, 4 au 5 zilizo sawa, na la pande 15, na yale yapatikanayo kwa kuzidisha pande hizo mara mbili. Kwa miaka kama elfu mbili hakuna aliyeongeza hata umbo moja. Tarehe 30 Machi 1796, kabla hajatimiza miaka 19, Gauss alitambua kwamba umbo la pande 17 nalo lachoreka. Siku hiyo alianza kuandika kitabu chake kidogo cha kumbukumbu, na umbo hilo ndilo neno la kwanza ndani yake. Tangu hapo akaacha habari ya kuwa mwalimu wa lugha.

Sasa turudi kwenye baki. Mwaka 1801 Gauss alitoa kitabu kwa Kilatini kiitwacho Disquisitiones Arithmeticae, na mlango wake wa kwanza waanza na jambo ambalo kila msema Kiswahili hulifanya kila siku bila kujua. Ukianza safari saa 9 alasiri, na safari ni ya saa 5, utafika saa ngapi? Tisa na tano ni kumi na nne, lakini hakuna asemaye "saa kumi na nne". Twaondoa 12, twasema saa 2 usiku. Kwa saa, 14 na 2 ni mamoja. Gauss akasema: namba mbili zikiacha baki lile lile zinapogawanywa kwa namba fulani, tuseme zinalingana kwa kipimo cha namba hiyo. Akaiwekea habari hii alama ya vistari vitatu, 14 ≡ 2, kipimo kikiwa 12.

Faida yake ni hii: ukishakubali mlingano huo, waweza kujumlisha na kuzidisha huku unatupa vipimo vizima njiani, na baki la mwisho halikosei. Mfano: zidisha 2 kwa yenyewe hadi zipatikane mbili 100, kisha gawanya kwa 7. Baki lake ni ngapi? Ukiizidisha yote utapata namba yenye tarakimu 31, na karatasi itakwisha. Lakini mbili tatu zikizidishwa ni 8, na 8 kwa 7 huacha 1. Basi kila fungu la mbili tatu ni kama 1. Katika mbili 100 yamo mafungu 33, inabaki mbili moja. Baki ni 2. Huyo mwanafunzi wangu ajue kwamba hapa kile kilichogawanyika ndicho tulichokitupa, na baki ndilo tulilolishika.

Na sasa tarehe ya kuzaliwa. Kupaa kwa Bwana ni siku 39 baada ya Pasaka, lakini Pasaka yenyewe huhamahama kwa kufuata mwezi. Mwaka 1800 Gauss alitoa kanuni ya kuitafuta kwa mabaki matupu. Tuutazame mwaka wake, 1777.

Gawanya 1777 kwa 19: baki ni 10. Gawanya kwa 4: baki ni 1. Gawanya kwa 7: baki ni 6.

Chukua baki la kwanza, zidisha kwa 19, ongeza 23, gawanya kwa 30. Yaani 190 na 23 ni 213, baki ni 3. Hili tuliite baki la nne.

Chukua baki la pili mara 2, baki la tatu mara 4, baki la nne mara 6, jumlisha zote, ongeza 3, gawanya kwa 7. Yaani 2 na 24 na 18 na 3 ni 47, baki ni 5. Hili ni la tano.

Pasaka ni tarehe 22 Machi ukiongeza baki la nne na la tano: 22 na 3 na 5, yaani tarehe 30 Machi 1777. Hesabu siku 39 kutoka hapo: moja ya kumaliza Machi, 30 za Aprili, 8 za Mei. Kupaa kwa Bwana ilikuwa Alhamisi tarehe 8 Mei. Rudi nyuma siku nane: Jumatano, tarehe 30 Aprili 1777. Mama hakukosea.

Mwaka ule ule wa 1801 jina lake lilienea Ulaya nzima kwa jambo jingine. Tarehe 1 Januari, Giuseppe Piazzi, mtazamaji wa nyota huko Palermo, aliona nyota ndogo iliyosogea. Aliifuata mpaka Februari, akaugua, na baadaye ikapotea katika mwangaza wa jua. Wakaipa jina Ceres, lakini hapana aliyejua itokee wapi, maana Piazzi alikuwa ameona kipande kidogo tu cha njia yake. Gauss akachukua vipimo vile vichache akaitafuta njia nzima, akasema mahali pa kutazama. Mwisho wa mwaka ule Franz von Zach aliiona, na Olbers mara baada yake, karibu kabisa na pale Gauss aliposema. Siku hizi, tangu mwaka 1806 wa vita vya Napoleon hadi leo, elimu ya nyota imepiga hatua nyingi, na mwaka 2006 Ceres ilihesabiwa miongoni mwa sayari kibete. Lakini namna ya kuitafuta njia kwa vipimo vichache ni elimu iliyotokana na kazi hiyo.

Vita hivyo vilimgusa mwenyewe. Mwaka 1806 Mtawala aliyemsomesha alijeruhiwa vitani akafa. Wafaransa wakaingia Brunswick. Akiwa katika hofu hiyo, alijiwa na afisa wa Kifaransa akimwuliza kama amjua binti aitwaye Sophie Germain wa Paris, ambaye ameomba alindwe. Gauss akasema hamjui. Aliyemjua ni Bwana LeBlanc, kijana wa Paris aliyekuwa akimwandikia barua za hesabu tangu mwaka 1804. Muda si muda akapata barua: LeBlanc ndiye Sophie. Alificha jina lake kwa kuogopa kudharauliwa, maana vyuo vya zama zile havikupokea wanawake. Gauss alimjibu mwaka 1807 kwa furaha kubwa, akamsifu kwamba mwanamke aliyevuka vizuizi vya desturi na bado akafika kwenye siri za hesabu hana budi kuwa na moyo wa ushujaa kuliko wengine. Wasichana wetu waisome habari hii mara mbili.

Mwaka huo 1807 akawa msimamizi wa nyumba ya kutazamia nyota ya Göttingen, akakaa huko hadi alipokufa tarehe 23 Februari 1855. Alipima nchi ya Hanover kwa pembetatu kubwa kubwa kutoka kilele hadi kilele, na kwa kazi hiyo alibuni kioo cha kurusha mwanga wa jua mbali sana. Mwaka 1833, pamoja na Wilhelm Weber, alitandaza waya juu ya mapaa ya mji wakapelekeana maneno kwa umeme. Mama yake alihamia kwake, akaishi naye zaidi ya miaka 20, mpaka alipofariki mwaka 1839.

Mengi katika mtu huyu ni ya kusifiwa, walakini liko moja ambalo mimi, kama mwalimu, siwezi kulisifu. Muhuri wake ulikuwa na maneno ya Kilatini yenye maana ya "machache, lakini yaliyoiva." Hakutoa kazi mpaka imekamilika bila doa, na hata hapo aliiondoa njia aliyopitia, akaacha jibu na uthibitisho tu, kama mjenzi aondoavyo majukwaa ya miti baada ya kumaliza nyumba. Mengine aliyafungia sandukuni.

Rafiki yake wa ujana, Farkas Bolyai wa Hungaria, alikuwa na mwana aitwaye János, afisa wa jeshi. Kijana huyu alithubutu kujenga jiometri mpya, ambamo pembe tatu za pembetatu hazifikii nyuzi 180, kinyume cha Euclid. Baba aliitia kazi hiyo mwishoni mwa kitabu chake, akampelekea Gauss. Mwaka 1832 Gauss akajibu kwamba hawezi kuisifu, kwa kuwa kuisifu ni kujisifu mwenyewe. Mambo hayo alikwisha kuyawaza miaka mingi. Ilikuwa kweli. Lakini hakuwa ametoa hata ukurasa mmoja. Kwa mtu mwingine aliandika kwamba kijana Bolyai ana akili ya daraja la kwanza. Kwa kijana mwenyewe hakuliandika neno hilo. János alivunjika moyo. Aliacha maelfu ya kurasa alipokufa mwaka 1860, lakini hakuchapisha tena kazi yoyote ya hesabu.

Kile kitabu kidogo cha kumbukumbu kilionekana mwaka 1898, mikononi mwa jamaa za Gauss. Kina maneno mafupi 146, na humo wataalamu waliona mambo ambayo watu wengine walikwisha kuyavumbua upya kwa taabu.

Kwa wanafunzi: tafuteni kwa kanuni ile ile tarehe ya Pasaka ya mwaka 2030. Kwa miaka ya 1900 hadi 2099, mahali pa 23 wekeni 24, na mahali pa 3 ya kuongeza wekeni 5. (Ipo miaka michache yenye sharti la ziada, lakini 2030 si mmojawapo.) Ikizidi 31 Machi, endeleeni Aprili. Majibu yaletwe kwangu kabla ya kufunga shule, na kila mmoja aonyeshe njia yake yote. Jibu tupu sitalisahihisha.