Dondoo muhimu: Seva ya kuweka ghorofani St. James Town

Umepata seva ya mtumba na unaishi kwenye maghorofa ya St. James Town, Toronto? Tazama umbo kabla ya kutoa hela. Ile bapa ya raki, ya yuniti 1, ina kimo cha sentimita 4.45 tu, lakini vifeni vyake hulia kama mzinga wa nyuki. Jirani atagonga ukuta usiku huohuo. Chukua ya mnara: feni pana, kelele kidogo, inakaa sakafuni kando ya kabati. Seva ya bleidi waachie wenye kumbi za seva, bila chasisi yake haiwaki.

Umeme nao usiuchezee. Agosti 2018, moto wa hitilafu ya umeme uliwaacha wakazi zaidi ya 1,500 wa jengo la 650 Parliament Street, humo humo St. James Town, bila makao. Chomeka ukutani, si kwenye ekstensheni yenye birika na hita.