Ukomo wa 23: Viwango vya Uwezo wa Timu katika Ligi za Pool za Ridhaa
Kijitabu cha elimu kwa wachezaji, manahodha na waandaaji wa ligi

1. Madhumuni

Ligi ya ridhaa ya mchezo wa pool hukutanisha kwenye meza moja watu wenye uwezo usiolingana, kuanzia anayejifunza kushika fimbo hadi aliyecheza kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo huhitaji kanuni za kuwawezesha wote kushindana bila matokeo kujulikana mapema. Kijitabu hiki kinaeleza kanuni mojawapo, yaani ukomo wa jumla ya viwango vya uwezo wa timu, kwa kutumia mfano wa American Poolplayers Association, chama cha Marekani kinachojulikana kwa kifupi kama APA, ambacho kilianzishwa mwaka 1979 na wachezaji wa kulipwa Terry Bell na Larry Hubbart.

2. Kiwango cha uwezo

Kiwango cha uwezo ni namba anayopewa kila mchezaji kuonyesha ubora wake. Katika mchezo wa mpira namba 8, ambao mshindi humaliza mipira ya kundi lake kisha akatumbukiza mpira namba 8, viwango vya APA huanzia 2 hadi 7, na namba kubwa humaanisha uwezo mkubwa. Namba hiyo ndiyo huamua idadi ya gemu ambazo kila mchezaji anapaswa kushinda: wa kiwango cha 7 anapokutana na wa kiwango cha 2, wa kwanza hutakiwa kushinda gemu 7 kabla mwenzake hajashinda gemu 2, ilhali wachezaji wawili wa kiwango cha 4 hushindania gemu 3 kila mmoja.

Kiwango hukokotolewa kutokana na kumbukumbu za mechi, hasa idadi ya zamu. Zamu moja hukamilika pale wachezaji wote wawili wanapokuwa wamepita mezani, na anayeshinda gemu kwa zamu chache huhesabiwa kuwa na uwezo mkubwa zaidi. Mapigo ya kujihami, yaani yale yanayopigwa bila nia ya kutumbukiza mpira, huandikwa kando ili mchezaji mwenye mbinu nyingi za kujihami asionekane dhaifu kwa sababu tu gemu zake huchukua muda mrefu.

3. Ukomo wenyewe

Timu huweza kusajili hadi wachezaji 8, lakini wanaocheza katika pambano moja ni 5, kila mmoja akiwa na mechi yake. Jumla ya viwango vya hao 5 haipaswi kuzidi 23, na wanaobaki benchi hawahesabiwi. Kanuni ya pili huambatana na hiyo: wachezaji wa viwango vya 6 na 7 wanaocheza katika pambano moja hawapaswi kuzidi wawili.

Mifano ifuatayo inaonyesha kanuni hizo zinavyofanya kazi:

- 5, 5, 5, 5, 3: jumla ni 23, inaruhusiwa.
- 7, 7, 4, 3, 2: jumla ni 23, inaruhusiwa.
- 5, 5, 5, 5, 5: jumla ni 25, hairuhusiwi.
- 6, 6, 6, 3, 2: jumla ni 23, hairuhusiwi, kwa kuwa wachezaji wa kiwango cha 6 ni watatu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ukomo uhitajike ikiwa tofauti ya gemu tayari inasawazisha mechi ya mtu mmoja mmoja. Sababu ni kwamba tofauti hiyo husawazisha watu wawili walioko mezani, lakini haizuii wachezaji hodari kujikusanya katika timu moja na kuwaacha wanaoanza bila timu ya kuwapokea. Chini ya ukomo wa 23, timu yenye wachezaji wawili wa kiwango cha 7 hubakiwa na 9 tu za kugawana watu watatu, na hapo mchezaji wa kiwango cha 2 au cha 3 huwa mtu anayehitajika, ambaye timu ina kila sababu ya kumfundisha na kumpa nafasi ya kucheza.

4. Hesabu ya nahodha

Manahodha hutaja wachezaji wao mmoja baada ya mwingine, wakipokezana zamu ya kutangulia, na kwa hiyo ukomo hulindwa hatua kwa hatua. Timu iliyokwisha kuchezesha viwango vya 7, 5 na 5 imetumia 17 na imebakiwa na 6 kwa watu wawili, yaani 3 na 3, au 4 na 2. Ikiwa waliosalia ukumbini ni wa kiwango cha 4 na cha 3, jumla itafika 24 na mmoja wao hataweza kucheza.

5. Timu inapopanda

Kanuni hii ina gharama yake. Timu ya 5, 5, 5, 5 na 3 ambayo mchezaji wake mmoja amepanda hadi 6 hufikia 24, na hulazimika kumpumzisha mmoja au kutafuta mwingine wa kiwango cha chini; wakiendelea kupanda wengi, timu hugawanyika, na marafiki waliofundishana hujikuta katika timu tofauti. Waandaaji wanapaswa kuwaeleza wachezaji jambo hili mapema, kwa kuwa ndiyo njia ambayo ujuzi husambaa katika ligi.

6. Kujishusha kiwango

Kujishusha kiwango ni kukosa kwa makusudi au kuongeza zamu za uongo ili namba ibaki chini. Mwenendo huo huwadhulumu wapinzani na hufanya ukomo wa 23 usiwe na maana, kwani kanuni nzima husimama juu ya ukweli wa karatasi ya matokeo. Mchezaji aliyebainika huweza kupandishwa kiwango, na katika mashindano makubwa timu yake huweza kuondolewa.

7. Mambo ya kuzingatia

1. Kila timu iandike zamu na mapigo ya kujihami, na waandishi wa pande mbili walinganishe kumbukumbu zao kila gemu inapomalizika.
2. Nahodha atoe kwenye 23 kiwango cha kila aliyecheza kabla ya kumtaja anayefuata.
3. Timu isajili wachezaji wa viwango mbalimbali, ili kupanda kwa mmoja kusiizuie timu kukamilisha watu 5.