Usitie Saini Leo: Kwa Mzazi Anayeombwa Kumpeleka Mtoto Akademi ya Soka



Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya karatasi. Wazazi wanaofika ofisini kwetu kulalamikia akademi binafsi za soka huja na mengi: ada imepanda katikati ya mwaka, mtoto amerudi na goti limevimba, kocha ana matusi, mechi zimegongana na mitihani. Yote tunayasikiliza. Lakini malalamiko yanayotunyima usingizi ni ya aina moja, nayo huanza na maneno yaleyale: "Nilitia saini, ila sikuisoma."

Tunajua wengi wenu hamtuamini. Mmezoea kuziona ofisi za umma zikifika mambo yakishaharibika. Safari hii tumewahi. Tunakuomba jambo moja tu kabla ya mengine yote: usitie saini leo.

JINSI INAVYOANZA

Mtoto ana miaka tisa au kumi. Jioni anacheza chandimu na wenzake. Pembeni kuna mtu amesimama, leo na kesho yake. Siku ya tatu anamsindikiza mtoto hadi nyumbani. Ni mpole, anawaamkia wazee, anakaa alipokaribishwa. Anasema mtoto huyu ana kipaji cha Mungu, na kwamba Mbwana Samatta naye alianzia huku huku uswahilini, Mbagala. Ana njumu mpya ndani ya mfuko. Mtoto ameshaziona na macho hayabanduki.

Kisha inatoka fomu. Nafasi zimebaki mbili, orodha inafungwa kesho asubuhi. Na mama, naomba na cheti cha kuzaliwa, kile chenyewe, nikatoe kopi nikurudishie.

Hatusemi kila anayekuja hivyo ni tapeli. Nchi hii ina makocha wanaofundisha watoto kwa mipira waliyoinunua kwa fedha zao, na tunawaheshimu. Lakini kocha wa kweli hakasiriki ukimwambia, "Mwalimu, niachie karatasi, nitaisoma na baba yake, nikujibu wiki ijayo." Anayekasirika amekwisha kukujibu. Usitie saini leo.

KWA NINI WANAITAKA SAINI YAKO

Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mtu ambaye hajafikisha miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba. Saini ya mtoto wako haina nguvu. Anayetaka kumfunga mtoto lazima apitie kwako, na ndiyo maana umeandaliwa soda na maneno matamu.

Tafuta kwenye karatasi maneno haya: "haki zote za mchezaji", "muda usio na kikomo", "mzazi atarejesha gharama zote za malezi akimwondoa mtoto". Ukiyakuta, simama hapo hapo. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kuwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Kama hata kijana wa miaka 17 anayelipwa mshahara hafungwi zaidi ya hapo, mtoto wa miaka tisa anayelipiwa ada na mama yake anafungwaje miaka kumi?

Watakuambia: tunawekeza, lazima tulindwe. Wanaolindwa tayari ni klabu zilizosajiliwa na shirikisho la soka nchini, TFF. Mchezaji akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, au akihama nje kabla ya mwisho wa mwaka wa kutimiza miaka 23, klabu iliyomfundisha inaweza kudai fidia ya mafunzo, na miaka inayohesabiwa ni ya umri wa 12 hadi 21. Akiuzwa baadaye katikati ya mkataba kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Fedha hizo hutoka kwa klabu inayomchukua. Hazitoki kwako. Klabu inayojua haki zake haihitaji kukutishia na deni la chakula na jezi.

Na yule "mdhamini" anayetaka uandike kwamba sehemu ya mtoto ni yake, kwamba siku akiuzwa atachukua nusu? FIFA ilipiga marufuku mtu wa pembeni kumiliki haki za kiuchumi za mchezaji tangu Mei 2015. Huo ni mkataba wa kitu kisichoruhusiwa, hata ukipigwa muhuri na mwanasheria.

CHETI CHA KUZALIWA HAKITOKI NYUMBANI

Tunarudia: cheti halisi cha kuzaliwa hakitoki nyumbani. Toa nakala iliyothibitishwa. Anayetaka kuhakikisha ukweli wake, RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, hufanya uhakiki wa vyeti. Hana sababu ya kukaa na cha kwako.

Cheti kikishatoka, jambo la kwanza linaloweza kutokea ni mtoto kupunguzwa umri. Wako wazazi wanaokubali, wakidhani ni ujanja mdogo wa kumpa mtoto nafasi. Sikilizeni. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA hutumia kipimo cha MRI kuangalia mfupa wa kifundo cha mkono. Mfupa uliokwisha kuunga haudanganyi. Mwanzoni mwa 2023 shirikisho la Kameruni, chini ya Samuel Eto'o, liliwapima wachezaji 30 wa timu yake ya chini ya miaka 17, na 21 wakaondolewa. Fikiria nyumba hizo 21 siku ile.

Na mpira ukiisha, uongo haukuachi. Mtoto ana mwaka mmoja kwenye kadi ya kliniki, mwingine kwenye cheti kipya. Siku ya kuomba kitambulisho cha Taifa au pasi ya kusafiria, karatasi zinabishana, naye ndiye anayesimama kaunta kujieleza. Tumewaona vijana wa miaka ishirini na kitu wakihangaika ofisi hadi ofisi kurekebisha kosa walilotendewa wakiwa darasa la nne. Wengine hawakujua hata lilitendwa lini.

SAFARI YA NJE

Jambo la pili linaloweza kutokea ni mtoto kusafirishwa. Hapa tunaomba usome polepole.

FIFA hairuhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajafikisha miaka 18. Ipo misamaha michache: mzazi aliyehamia nchi hiyo kwa sababu isiyohusu mpira, wanaoishi karibu na mpaka, na mingineyo ambayo afisa michezo wa wilaya atakueleza. Kwa mtoto wa miaka 13 wa Temeke au Kahama anayeambiwa ana majaribio Ulaya au Ghuba huku wewe ukibaki nyumbani, msamaha huo karibu kwa hakika haupo.

Samatta anayetajwa kila kibarazani alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akiwa na miaka 18, akitokea Simba. Genk ya Ubelgiji ilimchukua 2016. Hakuna aliyemvusha mpaka akiwa mtoto. Wanaolitumia jina lake kukuharakisha, waulize hilo.

Waulize pia leseni. Kwa kanuni za FIFA za mwaka 2023, wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na haruhusiwi kumkaribia mtoto mpaka ibaki miezi sita au pungufu kabla ya umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, tena kwa idhini ya maandishi ya mzazi. Wakala wa mtoto wa miaka kumi hayupo. Anayejiita hivyo amevunja kanuni kabla hajavua viatu mlangoni pako.

Akikuomba hela ya viza, ya tiketi, ya "kufungua faili", usitoe. Na ujue kwamba Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haimkubalii mtu anayemsafirisha mtoto ili kumtumikisha ajitetee kwamba mzazi aliridhia. Ridhaa yako haimsafishi. Itakubakiza wewe na majuto.

JE, BASI NIMPELEKE?

Mpeleke, kama akademi inajulikana na chama cha mpira cha wilaya na inaripoti watoto wake kwa TFF kama inavyotakiwa. Masharti ya umri wa kuanza, ada na sare hutofautiana. Yaulize huko huko. Sisi tunasisitiza mwili wa mtoto. Wataalamu wa afya ya watoto wanashauri saa za mazoezi kwa wiki zisizidi miaka yake: wa miaka minane, saa zisizozidi nane. Apate walau siku moja ya kupumzika kila wiki, na miezi miwili mitatu kwa mwaka bila mchezo huo mmoja. Maumivu ya kisigino kwa wa miaka tisa hivi, au chini ya goti kwa wa miaka kumi na mbili, mara nyingi ni mfupa unaokua ukivutwa na mazoezi ya kupita kiasi. Hayo si uvivu. Kocha anayemwambia mtoto avumilie, mwondoe kwake.

Nenda uwanjani siku ambayo hukutarajiwa. Kaa chini ya mti, tazama watoto wakifungwa mabao matatu, usikie wanavyosemeshwa. Angalia kama wa akiba nao huingia. Usiku muulize mtoto, akiwa peke yake na wewe, kama angependa kurudi kesho hata kama njumu zingechukuliwa. Jibu lake litakufaa kuliko kipeperushi.

PA KUPELEKA KARATASI

Hatuoni haya kulisema: wazazi waliotuletea fomu kabla ya kutia saini tumewasomea mstari kwa mstari, bila kuwatoza hata senti, na wengi wamerudi kwa kocha na karatasi iliyorekebishwa naye akaikubali. Kazi hiyo tunaijua na tutaendelea nayo.

Tuletee fomu, au uipeleke kwa afisa michezo au afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako. Kama mtoto ameshachukuliwa na humpati kwa simu, usisubiri Jumatatu: nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bure. Kama umeshatia saini, njoo hivyo hivyo na nakala yako. Kama hukupewa nakala, njoo utuambie jina la aliyekuja, tarehe, na maneno unayoyakumbuka.