🌙 RAMADHANI, SIKU YA 14: KIDONGE NA CHAI YA FUTARI



Ndugu zangu katika imani, mama mjamzito akiambiwa kliniki damu yake iko chini, hupewa vidonge vya kuongeza damu. Mwezi huu anaona njia rahisi ni kumeza pale pale kwenye futari. Tende, kidonge, halafu anashushia na chai ya maziwa. Haruki hata siku moja. Akirudi kupima, damu iko palepale! Huenda kosa si la kidonge, ni la kikombe. Chai na kahawa huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na maziwa nayo hupunguza.

Kwa kuwa kumeza kidonge mchana kunabatilisha funga, tuupange usiku wetu vizuri:

▪️ *Vidonge vya damu:* meza kwa maji, pamoja na chungwa au maji ya ndimu. Chai, kahawa na maziwa vikae mbali kama saa 2. Baada ya tarawehe ni wakati mzuri. Tumbo likisumbua, tanguliza chakula kidogo.
▪️ *Kalsiamu:* usichanganye na vya damu. Kimoja usiku, kingine daku.
▪️ *Vitamini A, D, E na K:* huhitaji mafuta, basi meza na mlo wenye nazi, samaki, mayai au parachichi.
▪️ *Vitamini B na C:* maji yanatosha.

Ukisahau usiku mmoja, usimeze viwili kufidia. Na mjamzito, anayenyonyesha au mgonjwa anayehofia afya yake, dini imempa ruhusa ya kula. Amwone daktari, kisha amuulize ustadhi wake. Asijitese kwa kuona haya.

💭 *Tafakari:* Kidonge kimemezwa, faida imezuiwa na kitu kidogo tulichokizoea. Je, funga zetu? Tunashinda na njaa kutwa nzima, halafu jioni barazani tunamsengenya jirani. Taabu tumeipata, lakini faida tumeizuia wenyewe.

✅ *Zoezi la leo:* Muulize mama, mke au dada yako anameza vidonge vyake saa ngapi na kwa kinywaji gani. Chai yake mwandalie baadaye.

Ewe Mola, tupe afya ya miili na utupokelee funga zetu. Aamiin.

Mtumie na mwenzio. 🤲