Tundu Dogo au Kufungua Tumbo?

Chukua mfano huu. Msichana wa kidato cha pili, Kilwa Kivinje, tumbo linamjaa. Akila vijiko viwili vya wali, kashiba. Haja ndogo kila mara. Darasani wameanza kunong'ona: "Huyo tayari!" Anapimwa mkojo, kipimo kinasema ana mimba. Nyumbani moto unawaka. Yeye anaapa hajamjua mwanamume. Je, ni mwongo?

Si lazima. Upo uvimbe wa ovari unaotoa homoni ile ile inayotafutwa na kipimo cha mimba. Altrasaundi ndiyo itakayoonyesha kama tumboni mna mtoto au mna uvimbe. Basi, kabla ya kumhukumu mwenzako, apelekwe hospitali.

OVARI NI NINI?
Ni viungo viwili, kila kimoja kinakaribia ukubwa wa korosho yenye ganda, vilivyo pembeni mwa mji wa mimba. Hukomaza mayai na kutoa homoni. Uvimbe mwingi wa ovari si saratani. Saratani yenyewe huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, lakini ipo aina inayoanzia kwenye seli za mayai, nayo huwapata wasichana na wanawake vijana. Habari njema ni kwamba aina hiyo husikia dawa vizuri, na wengi hupona.

NJIA MBILI ZA UPASUAJI
Ya kwanza ni kufungua tumbo. Daktari hupasua mstari mrefu, mara nyingi kuanzia karibu na kitovu kushuka chini. Saratani ya ovari hudondosha seli kwenye maji ya tumboni, zikaenda kuota mbali. Kwa hiyo daktari hukagua ini, utumbo na lile pazia la mafuta linalofunika utumbo, akipapasa kwa mkono.

Ya pili ni matundu madogo. Hutobolewa matundu machache, mengi yakiwa ya sentimita moja au pungufu. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kisha huingizwa kamera na vifaa vyembamba. Daktari hufanya kazi akitazama picha kwenye skrini. Mgonjwa huumia kidogo na hurudi nyumbani mapema.

"Sasa kwa nini wote wasipasuliwe hivyo?" Swali zuri. Fikiria yai viza. Ukilitoa zima, uchafu unabaki ndani ya ganda. Likikupasukia mkononi, umekwisha! Uvimbe wa saratani ukipasukia tumboni, ugonjwa uliokuwa ndani ya ovari tu huhesabiwa umepanda hatua, na mgonjwa huenda akahitaji dawa kali zaidi.

Ndiyo maana saratani inaposhukiwa sana, au uvimbe ni mkubwa, njia ya kawaida ni kufungua tumbo. Matundu madogo hufaa zaidi kwa uvimbe usio na dalili za saratani. Hutumika pia kuchungulia kama saratani iliyosambaa itawezekana kuondolewa yote.

Mwaka 2018 utafiti mkubwa kuhusu saratani ya mlango wa kizazi ulionyesha kuwa waliopasuliwa kwa matundu madogo walirudiwa na ugonjwa na kufariki zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo. Hiyo ni saratani nyingine, lakini somo ni moja: kovu dogo si lazima liwe tiba bora.

JE, ATAZAA?
Kwa msichana, ikiwa ovari moja tu ndiyo mbovu, mara nyingi daktari huitoa hiyo na kuacha nyingine pamoja na mji wa mimba. Hedhi huendelea, na anaweza kuzaa.

USINGOJE
Tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya chini ya kitovu au kukojoa mara kwa mara, karibu kila siku kwa wiki tatu: mwambie mama, bibi au somo wako. Usikubali kuambiwa "ni chango tu" mwezi baada ya mwezi. Maumivu makali ya ghafla na kutapika ni dharura, kwani uvimbe huweza kujisokota. Nenda siku hiyo hiyo!

Ukiwa Kilwa, anzia zahanati au Hospitali ya Kinyonga, Kivinje. Rufaa yaweza kukupeleka Sokoine, Lindi, au mpaka Muhimbili na Ocean Road, Dar es Salaam, takriban kilomita 300. Ni mbali, na nauli si mchezo. Lakini uvimbe nao haungoji msimu wa korosho.

Na yule msichana wetu? Akitibiwa, arudi darasani kichwa juu. Na hata ingekuwa mimba, tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi shule.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini kipimo cha mkojo pekee hakitoshi?
2. Eleza hatari ya uvimbe kupasukia tumboni.
3. Mwenzenu akinong'onwa darasani, ninyi mtafanya nini?