Siamini, Lakini Kwaya Inaniinua

*Mimi simwamini Mungu, ila kwenye ibada ya kwaya na vigelegele najikuta nacheza. Je, ni unafiki? — Msomaji, Ludewa*

Unahofia kwamba mwili wako unakiri usichokiamini. Haukiri. Mwaka 1912 mwanasosholojia Émile Durkheim, aliyeacha dini ingawa baba yake alikuwa rabi, aliandika kwamba watu wakikusanyika na kufuata mdundo mmoja, huzuka msisimko ambao mtu peke yake haupati. Ngoma ya mganda ya mwambao wa Ziwa Nyasa huuamsha msisimko huo bila sala yoyote. Utasema waumini wanadanganyika wakikuona. Lakini unafiki ni kutangaza imani usiyo nayo, si kupiga makofi. Imba, cheza, ila usipokee komunyo, na mchungaji akikuuliza mwambie kweli. Hofu ikikunyima usingizi, mwone mshauri nasaha.