Mwenye kisukari, kikombe chako kina gramu ngapi?

Mtaalamu wa lishe akikuagiza ule gramu 50 za mchele, utazipimaje nyumbani ikiwa huna mizani? Wengi wetu huchukua kikombe. Kwa mtu mwenye afya njema hilo halina taabu. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari, hasa yule anayejidunga insulini, kukosea kipimo kwaweza kupandisha sukari mwilini, au kuishusha hadi akatoka jasho, akatetemeka na hata kuzirai.

Fahamu kwanza kwamba kikombe hupima nafasi wala si uzito. Kikombe cha mililita 250 kikijaa maji huwa na gramu 250. Kikijaa mchele huwa na karibu gramu 200, na kikijaa unga wa mahindi karibu gramu 140 tu, kwa kuwa unga huwa na hewa nyingi ndani yake. Ukiushindilia unga huo kwa kijiko, uzito utapanda ilhali kikombe ni kile kile. Basi gramu 50 za mchele ni robo kikombe, na za unga ni zaidi kidogo ya theluthi.

Lakini ni kikombe gani? Vya chai havilingani. Chukua paketi ya maziwa ya nusu lita: ikijaza vikombe viwili barabara, chako ni cha mililita 250.

Iko njia nyingine, nayo ni bora zaidi. Siku ufunguapo paketi ya unga ya kilo 2, uhamishe wote kwenye mkebe kwa kikombe kimoja huku ukihesabu. Ukipata vikombe 14, gawanya 2,000 kwa 14: kila kimoja kina gramu 143. Fanya vivyo hivyo kwa mchele na maharagwe, kisha uandike hesabu hizo mlangoni mwa kabati. Kila mara sawazisha mdomo wa kikombe kwa mgongo wa kisu. Wazee wa Pwani waliopima kwa kibaba na pishi walitaja kabisa kama kipimo ni cha tele, yaani kilichorundikwa, au cha mfuto, kilichosawazishwa.

Usitegemee gorogoro ya sokoni. Mkebe huo ulitengenezewa kilo 2 za mafuta ya kupikia, si mahindi wala maharagwe. Isitoshe, wako wachuuzi ambao hubonyeza kitako chake kuelekea ndani.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchanganya kibichi na kilichopikwa. Mchele hunywa maji, na ukiiva uzito wake huwa karibu mara tatu. Kikombe cha mchele mbichi kina takriban gramu 160 za wanga, lakini kikombe cha wali kina kama 45 hivi. Mgonjwa aliyeambiwa ale kikombe kimoja cha wali, naye akapima mchele mbichi na kuumaliza wote, amekula zaidi ya mara tatu ya alichoagizwa! Kwa hivyo uliza kliniki: "Ni kabla au baada ya kupika?" Ukienda, beba kikombe chako pamoja na hesabu zako. Ukigundua kwamba umekuwa ukikosea, usibadilishe kipimo cha insulini kabla ya kumwona daktari.